Mazda MX-5 yangu na theluji ya Minnesota: nailazaje gereji miezi mitano?

Binti_Tanga
14 Oktoba, saa 2:10 usiku

Wakuu, habari za jioni. Naomba msaada wa wale wanaoishi kwenye baridi kali na wana gari la pili la kuendesha kiangazi tu.

Niko St. Paul, Minnesota, mwaka wa kumi na mbili sasa. Juni hii nilinunua Mazda MX-5 ya 2003, nyekundu, paa la kitambaa, gia za mkono. Baba yangu aliendesha lori la katani Tanga maisha yake yote, na akirudi jioni alikuwa ananipakata nishike usukani kuanzia kona ya msikiti mpaka mlangoni kwetu Ngamiani. Gari hili nimelinunua kwa pesa ya zamu za usiku, miaka sita naweka kidogo kidogo. Sitaki lioze kwa sababu ya kutojua kwangu.

Wenzangu kazini wananiambia chumvi ya kwanza ikimwagwa barabarani, lisitoke tena. Hilo nimelielewa. Kinachonishinda ni namna ya kulilaza. Gereji yangu imeungana na nyumba, haina hita, inaingia magari mawili, soketi ya umeme ni moja. Chumba cha wanangu kiko juu yake. Januari maji ya ndoo humo ndani yanakuwa jiwe. Kwetu gari likiwekwa juu ya mawe ujue limekufa; je, hapa ndiyo nifanye hivyo ili matairi yasiharibike? Niwe naliwasha kila wiki? Betri niing'oe niiweke ndani ya nyumba? Na panya wapo, mwaka jana walitoboa gunia la mbegu za ndege.

Juma_Toronto
14 Oktoba, saa 3:45 usiku

Hongera sana dada, hicho ni chuma cha maana. Mimi nina Subaru WRX na kila Jumapili naliwasha dakika kumi, nalipa moto, nazima. Oili ikikaa muda mrefu inashuka yote chini, siku ukiwasha vyuma vinasagana vikavu. Wewe fanya hivyo tu, mengine usijisumbue.

Mzee_Kisauni
15 Oktoba, saa 12:30 asubuhi

Binti, mimi ni mtu wa Kisauni, Mombasa, ila mvi zote zimenitokea hapa Bloomington. Corvette yangu ya 1999 imeshalala majira ya baridi kumi na manne kwenye gereji isiyo na hita, kama yako. Nisikilize kwa utulivu, na Juma mwanangu usikasirike.

Baridi peke yake haili chuma. Gari kavu kwenye gereji kavu litakaa mpaka Aprili bila neno, hata nje kuwe nyuzi 30 chini ya sifuri. Kinachoua ni maji, na maji yenye chumvi ndiyo mabaya zaidi. Kila swali ulilouliza, lipime kwa hilo: je, jambo hili litaleta maji au litayaondoa?

Tuanze na kuwasha. Petroli lita moja ikiungua hutoa maji yanayokaribia lita moja. Injini ikishapata moto wa kutosha, maji hayo hutoka kwenye ekzosi kama mvuke. Kwa dakika kumi za baridi, injini haijapata moto: maji yanabaki ndani ya ekzosi, mengine yanaingia kwenye oili, na betri umeitoa chaji zaidi ya uliyoirudishia. Ukifanya hivyo Jumapili ishirini, umelimwagia gari lako maji mara ishirini. Ama uliendeshe nusu saa na zaidi, barabara ikiwa kavu isiyo na chumvi, ambayo huku huioni kuanzia Desemba, ama uliache lilale. Oili haikauki kwenye vyuma kwa miezi mitano, utando wake unabaki.

Na la pili ni zito kuliko yote. Umesema watoto wanalala juu ya gereji. Moshi wa gari una karboni monoksaidi. Haina rangi, haina harufu, na inapenya dari na milango hata kama mlango mkubwa wa gereji umeuacha wazi. Usiwashe gari humo na kuliacha likinguruma, hata dakika mbili. Kama huna kifaa kinachopiga kengele kikiinusa gesi hiyo karibu na chumba chao, nunua leo kabla ya kununua kitu chochote cha gari.

Sasa nikuulize: gari lako la kila siku linalala wapi?

Binti_Tanga
15 Oktoba, saa 4:05 asubuhi

Shikamoo mzee wangu. Kifaa hicho cha karboni monoksaidi kipo, ila nimekwenda kukitazama na betri zake zilikwisha. Nimeshaziweka mpya. Ahsante, ahsante sana.

Gari la kazini ni RAV4, linalala humo humo pembeni ya Mazda. Nilikuwa nafikiri kununua hita ndogo ili yote mawili yapate joto.

Mzee_Kisauni
15 Oktoba, saa 12:15 jioni

Marahaba mwanangu. Hapo kwenye hita ndipo nilipokuwa na wasiwasi napo.

RAV4 likirudi usiku limebeba theluji yenye chumvi kila kona ya chini. Kwenye baridi, theluji hiyo inabaki imeganda na chumvi haifanyi kazi kwa kasi. Ukiweka hita, inayeyuka, inamwagika sakafuni, inageuka mvuke, na mvuke unatua kwenye chuma kilicho baridi kuliko vyote humo ndani: Mazda yako. Gereji ya joto yenye gari la chumvi pembeni ni mbaya kuliko gereji ya barafu. Kama unaweza kuvumilia, RAV4 lilale nje. Najua maana yake, utakwangua kioo saa kumi na moja alfajiri. Ukishindwa, basi liingie, lakini bila hita, na maji yake uyasukumie nje kwa mpira wa kukaushia sakafu kila yanapojikusanya.

Mengine nakupa kama ninavyofanya mimi, mwishoni mwa Oktoba. Naliosha, na chini pia. Kisha naliendesha kama maili ishirini likauke, diski za breki zipate moto. Usiruke hatua hiyo. Narudi kupitia kituo cha mafuta, najaza tangi karibu pomoni, nafasi ya hewa yenye unyevu iwe ndogo. Petroli ya kawaida hapa Minnesota ina ethanoli asilimia 10, nayo huvuta maji. Viko vituo vinavyouza isiyo na ethanoli, kwa ajili ya boti, pikipiki, mashine za theluji na magari ya ukusanyaji, tafuta hiyo. Ukiikosa, tia dawa ya kutunza petroli, uendeshe kidogo ili ifike mpaka kwenye injini. Oili na filta nabadilisha kabla ya kulala, kwa sababu oili iliyotumika imebeba tindikali na unyevu.

Kulanti, yaani maji ya kupoza injini, usiisahau. Aliyekuuzia huenda aliongeza maji matupu kiangazi, na maji yakiganda yanapasua injini. Mchanganyiko wa nusu kwa nusu unahimili mpaka nyuzi 37 chini ya sifuri. Kipimo chake kinauzwa bei ndogo duka lolote la vipuri.

Betri. Januari 30, 2019 Minneapolis ilishuka hadi nyuzi 33 chini ya sifuri. Jirani yangu alikuwa ameiacha betri imekwisha chaji. Tulipofungua boneti tuliikuta imepasuka ubavuni. Betri iliyojaa haigandi kwenye baridi hiyo, iliyokwisha huganda mapema sana. Yako iko kwenye buti, siyo mbele. Chomeka chaja ya kutunza, ile inayojizima na kujiwasha yenyewe, soketi yako moja inatosha kwa hilo.

Mawe hapana. Miezi mitano ni michache. Jaza matairi upepo mpaka psi 40 hivi, usivuke kiwango kilichoandikwa ubavuni mwa tairi, wala usisahau kurudisha psi 26 ikifika Aprili. Breki ya mkono usiivute, pedi hugandana na diski kwa kutu. Tia gia ya kwanza, weka kabari za mbao. Chini ya gari tandaza nailoni nzito, maana sakafu ya zege hutoa unyevu. Juu funika kwa kitambaa kinachopumua. Turubai la nailoni usiliweke juu, linafungia unyevu ndani. Paa liache limefungwa, likikunjwa miezi mitano kitambaa kinashika mikunjo.

Panya: hizo mbegu za ndege zitoke gereji kabisa. Ziba mdomo wa ekzosi na mdomo wa kuvutia hewa kwa stili waya, ile ya kusugulia masufuria, kisha andika kikaratasi ukifunge kwenye usukani: TOA STILI WAYA. Na mitego kwenye pembe za ukuta, uikague kila wiki.

Juma_Toronto
15 Oktoba, saa 2:20 usiku

Mzee nimekuelewa na nashukuru. Ekzosi yangu ilitoboka baada ya miaka mitatu na sikujua sababu, hasa kwenye boksi la nyuma, pale maji yanapotuama. Jumapili hii siliwashi.

Mswahili_Hamburg
16 Oktoba, saa 1:00 asubuhi

Naongeza mawili kutoka Ujerumani. Kwanza matairi ya kiangazi: mpira wake hukakamaa kwenye baridi, na chini ya nyuzi kama 7 hasi unaweza kupasuka ukiusogeza. Januari usilisukume gari hata hatua moja kwa ajili ya kufagia. Panga gereji yako sasa.

Pili bima. Huku tuna namba za msimu: kibao chenyewe kimeandikwa miezi pembeni, langu ni 04 mpaka 10. Kodi na bima ya barabarani unalipa ya miezi hiyo tu, na nje ya hapo gari haliruhusiwi kuendeshwa wala kuegeshwa barabara ya umma. Kwenu utaratibu ni mwingine, lakini iulize kampuni yako kama inaweza kukubakishia bima ya moto, wizi na kuangukiwa na paa tu mpaka Aprili. Usifute yote.

FundiBodi_Gerezani
16 Oktoba, saa 3:30 asubuhi

Mimi ni fundi wa kunyoosha bodi, Gerezani, Dar. Theluji sijawahi kuikanyaga ila kazi yake naijua. Magari yaliyotumika Japani upande wa Hokkaido, ambako nako humwaga chumvi, tunayapokea juu yanang'aa, ukiyapandisha jeki chini yanamenyeka kama mkate mkavu. Na sisi wa pwani upepo wa bahari unayala magari yetu mwaka mzima.

Dada, MX-5 za umri huo zinaozea mahali pamoja: kizingiti cha chini ya mlango, pale kinapokaribia gurudumu la nyuma. Sababu inatoka juu. Maji ya paa hushuka kwenye matundu mawili nyuma ya viti, moja kila upande, yanapita ndani ya bodi na kutokea chini. Majani na vumbi vikiziba, maji yanamwagikia ndani ya kizingiti na kukila kutoka ndani, rangi ikianza kuvimba ujue chuma kimeshakwisha. Kabla ya kulilaza mimina kikombe cha maji taratibu kila tundu, uangalie chini kama yanatoka. Yasipotoka, zibua kwa waya laini wa plastiki. Wa chuma utatoboa mpira. Likishakauka, puliza nta ya kuzuia kutu ndani ya kizingiti kupitia vitundu vya chini. Sauti ya Tanga nimeisikia, nimesoma Usagara miaka miwili. Ndiyo maana nimeandika kirefu.

Binti_Tanga
2 Novemba, saa 5:50 usiku

Wakuu, limelala. Tundu la kushoto lilikuwa limeziba kabisa, yametoka matope meusi na majani ya msonobari kiganja kizima. Kulanti ilipimika nyuzi 20 hasi tu, kwa hiyo mzee umeniokolea injini. Nimemwaga na kuweka mpya. RAV4 litalala nje. Mwanangu mdogo ndiye aliyeandika kile kikaratasi cha usukani na amechora panya.

Kosa moja: nililiosha Jumamosi nikapigiwa simu ya zamu, nikaliingiza bila kulikausha. Kesho yake nimelifuta kwa taulo na kuacha mlango wazi mchana kutwa.

Binti_Tanga
21 Aprili, saa 11:15 jioni

Habari za siku nyingi. Nimesubiri mvua tatu kubwa zioshe barabara ndipo nikalitoa leo. Betri ilisoma volti 12.7. Stili waya nimezitoa zote mbili, mitego imekamata panya wanne, wote upande wa mlango wa jikoni, hakuna aliyeingia garini. Nililisukuma nje kwanza, nikaliwasha uani. Sekunde mbili. Breki zilikwaruza mtaa mzima wa kwanza kisha zikatulia.

Ile siku ya kutolikausha imenidai: zulia la upande wa abiria lina ukungu mweupe, na mkanda wa kiti cha abiria una madoa. Zulia nimelianika juani, mkanda nimeusugua kwa maji ya uvuguvugu na sabuni kidogo.

Nimeshusha paa nikaenda mpaka Stillwater, kisha nikafuata barabara ya 95 pembeni ya mto St. Croix, koti la baridi mwilini na glavu mkononi. Barafu imeshaondoka mtoni. Nilipofika nikampigia baba kwa video nikamwonyesha usukani. Akaniuliza oili nimeangalia.

Fundi wangu wa Gerezani, kizingiti cha kulia nimekigonga kwa kidole, na sehemu ya urefu wa kiganja inatoa sauti tofauti, nzito zaidi. Rangi bado haijavimba. Nikupigie picha ya wapi hasa?

FundiBodi_Gerezani
22 Aprili, saa 12:40 asubuhi

Piga ukiwa umelala chini, ukielekea gurudumu la nyuma, tochi upande. Halafu tafuta sumaku ndogo uifunge kwa kitambaa uipitishe hapo taratibu. Isiposhika, kuna mtu aliwahi kujaza lipu mahali pa chuma, na itabidi tuongee kabla hujapuliza nta tena.