Mjadala: Je, Visiwa vya Andaman vilikombolewa mwaka 1943?

Mleta mada:
Ndugu wachangiaji, mwaka 2018 serikali ya India ilibadili majina ya visiwa vitatu vya Andaman, katika Ghuba ya Bengal, ili kumuenzi Subhas Chandra Bose, mpigania uhuru aliyeunda serikali ya muda ya India kwa msaada wa Wajapani na kupandisha bendera yake Port Blair, mji mkuu wa visiwa hivyo, tarehe 30 Desemba 1943, na wapo wanaoshikilia kwamba hapo ndipo India ilipoanza kuwa huru. Mimi napinga. Waingereza walianza kupeleka wafungwa huko mwaka 1858, baada ya maasi ya Wahindi ya 1857 dhidi yao, na Gereza la Cellular, lililokamilika mwaka 1906, lilijengwa kwa vyumba vya mtu mmoja mmoja ili wapinzani wao wasipate kuzungumza. Wajapani walipotua Machi 1942 waliwafungulia wafungwa, kisha wakavijaza vyumba vilevile raia waliowatuhumu kuwa majasusi. Dkt. Diwan Singh, tabibu na mshairi aliyeongoza Ligi ya Uhuru wa India visiwani humo, alikuwa mahabusu akiteswa siku bendera ilipopandishwa, na tarehe 14 Januari 1944 akafariki. Tarehe 30 ya mwezi huohuo watu 44 walipigwa risasi Homfreyganj. Uhuru gani huo?

Mchangiaji:
Ndugu mleta mada, unambebesha Bose dhambi za Wajapani waliomkaribisha. Alionyeshwa walichotaka akione, na walioteswa hawakuachwa wamfikie. Tena Waingereza waliondoa askari wao kabla Wajapani hawajatua, wakawaacha wakazi bila ulinzi, na mwaka 1943 huohuo jimbo la Bengal nchini India lilikuwa likiangamia kwa njaa chini ya utawala wao. Kwa Mhindi wa wakati ule bendera hiyo haikuwa jambo dogo.

Mleta mada:
Kwamba alifichwa, nakubali, na Waingereza siwatetei hata kidogo. Ninachouliza ni nani aliyeshika mamlaka. A. D. Loganathan, aliyeteuliwa na Bose kuvisimamia visiwa, aliachiwa idara ya elimu tu, huku polisi na gereza vikibaki mikononi mwa Wajapani. Agosti 1945, chakula kilipokuwa kimeadimika, mamia ya watu walioonekana hawana faida walipakiwa vyomboni usiku na kutoswa baharini karibu na Havelock, kisiwa ambacho ni miongoni mwa hivyo vitatu vilivyobadilishwa majina. Anayesema visiwa vilikuwa huru anitajie amri moja ya serikali ya Bose iliyomwokoa japo mtu mmoja asiingizwe katika gereza lile.