Mrejesho: DX7 iliyokuwa inasahau sauti

Wakuu, niliuliza kwa nini Yamaha DX7 yangu, kinanda cha umeme cha lile toleo la 1983, hupoteza sauti zote 32 za vyombo ilizohifadhi kila nikiizima. Mliosema betri ya ndani, mlipatia. Fundi redio wa hapa Ngamiani aliing'oa ile ya volti 3 iliyochomelewa kwenye bodi, akafunga kishikio cha betri bapa ya CR2032. Siku nyingine nachomoa na kupachika tu. Sauti nimezirudisha kwa waya wa MIDI (wa kuunganisha vyombo vya muziki) kutoka kwenye kompyuta. Zimeni kwanza kinga ya memori ya kinanda, ile inayozuia sauti zisifutwe, la sivyo haipokei kitu! Funguo zilizokuwa bubu tulizisafisha vigusio kwa spiriti, maana hewa ya chumvi ya Tanga haina huruma. Ijumaa inaingia mazoezini na kikundi chetu cha taarabu. Asanteni sana, hasa uliyenikataza kuiuza kama spea.