Reli ya nyuma ya Mustang 1966 imeliwa na kutu: kiraka, kipande au reli nzima?

Buti_Wazi:
Wakuu, habari. Gari ni Ford Mustang ya 1966. Kama mjuavyo, bodi ndiyo fremu, hakuna chesisi ya kuvua. Reli ya nyuma kushoto, yaani boriti ya chuma iliyo chini ya sakafu ya buti, imetoboka upande wa chini, kuanzia pale inapopanda kupita juu ya ekseli hadi karibu na tundu la sheko (kiungo kinachoshika mwisho wa nyuma wa springi), kama sm 40. Bisibisi inazama bila nguvu. Ya kulia inaonekana nzima, ila ukiigonga kwa nyundo kuna sehemu inatoa mlio mzito. Je, bati la mm 2 likichomelewa juu ya kutu litashika? Au nikate kipande? Na nilizuieje gari lisipinde? Mashine ya kuchomelea ni migi (MIG, ya waya na gesi), waya mm 0.8, gesi ya agoni 75 na kaboni dioksidi 25.

Timazi:
Mkuu, kiraka juu ya kutu usithubutu. Kati ya bati mbili panabaki nafasi inayonyonya maji na hapakauki, kutu inaendelea humo usiione. Tena kingo za kiraka unazichomelea kwenye chuma kilichokonda, weldi inatoboa au inashika ngozi tu. Reli hii inabeba springi. Kila shimo barabarani linapiga hapo.

Huo mlio mzito wa kulia una maana. Chuma kizima hulia kama kengele. Kilichooza au kilichojaa tope ndani hutoa sauti ya boksi. Ingiza mpini wa brashi au kamera ndogo kwenye matundu ya reli, toa udongo wote, kisha ndipo uamue. Na tafuta maji yanaingilia wapi: mara nyingi ni raba ya buti au kioo cha nyuma. Usipoziba hapo, reli mpya itaoza vilevile.

Kabla ya kukata, pima. Gari likae kwenye stendi 4 kwenye sakafu isiyoyumba: za mbele chini ya mikono ya chini ya saspensheni, za nyuma chini ya mwanzo wa reli, mbele ya sehemu iliyooza. Toa bampa, kifuniko cha buti na tangi, ili mkia uwe mwepesi. Weka pimamaji kwenye kingo za chini za milango, kushoto na kulia. Chomelea bomba la mraba mm 25 kwenye kila uwazi wa mlango, moja mlalo na moja mshazari, milango ikiwa imeshafungwa vizuri na nafasi zake zimepimwa.

Halafu shusha timazi kwenye tundu la mbele la springi, tundu la sheko na mwisho wa reli, pande zote mbili. Weka alama sakafuni, kisha pima mishazari. Ikitofautiana zaidi ya mm 3, gari lilishapinda kabla hujaligusa, linyooshe kwanza. Piga picha za alama, vumbi la grinda linazifuta.

Fanya upande mmoja hadi uishe ndipo uguse wa pili. Ukizitoa reli zote mbili pamoja, alama hazina tena cha kulinganishwa nacho.

Weldi_ya_Tundu:
Timazi kamaliza upimaji, mimi naongezea ukataji.

Tangi la gari hili ni sehemu ya sakafu ya buti, limefungwa kwa skrubu kuzunguka ukingo. Litoke kabisa, na bomba lake la mafuta lizibwe. Bomba la breki la nyuma na nyaya nazo zivutwe kando. Fungua betri na altaneta.

Boliti ya jicho la mbele la springi hugandia ndani ya bushi. Usiipige nyundo hadi upinde reli unayotaka kuibakiza. Ikate kwa msumeno pande zote za bushi.

Weldi za nukta, zile za kiwandani zinazoshika sakafu na reli, zitafute kwa brashi ya waya, uone vishimo vya duara. Zitoboe kutoka ndani ya buti, biti ya mm 8, upitishe bati la sakafu tu usiguse reli. Faida yake: matundu hayo hayo unayatumia kuchomelea reli mpya, ukichoma kwa kutazama chini, na moto unaangukia chuma kinene cha reli badala ya bati jembamba la sakafu. Ukigeuza, ukatoboa reli na kuchoma kutoka chini, sakafu itatoboka.

Tengeneza kwanza vipande viwili vya majaribio vya unene huohuo. Choma, kisha vipasue kwa tindo. Weldi nzuri hung'oa kifungo cha chuma na kuacha shimo. Ikiachia safi, ongeza moto. Praima ya zinki ikwangue ndani ya tundu kabla ya kuchoma, la sivyo weldi inajaa vitundu. Moshi wa zinki unaleta homa, fungua milango ya karakana na uvae barakoa ya moshi wa weldi.

Sheko:
Kuhusu kipande au reli nzima: kutu ikishafika karibu na tundu la sheko, weka reli nzima ya upande huo. Kipande kinafaa pale tu ambapo mkato unaangukia sehemu nyoofu, mbali na mkunjo na mbali na tundu lolote la springi. Hapo unaweka bati la ndani la mm 2 linaloingia mm 60 kila upande, weldi za tundu (za kujaza matundu uliyotoboa) kulishika, na nafasi ya mm 2 katikati ili weldi ipenye. Choma mm 20, ruka, rudi. Ukivuta mstari mmoja mrefu reli inajikunja.

Reli za dukani mara nyingi matundu yake hayalingani. Usitupe ya zamani, ndiyo kipimo chako.

Buti_Wazi:
Shukrani wakuu. Reli nzima basi. Niichome moja kwa moja nikishaifunga kwa klampu?

Sheko:
Hapana. Shika kwa weldi 4 ndogo, funga springi na ekseli, kisha pima kutoka kitovu cha gurudumu la mbele hadi la nyuma, usukani ukiwa umenyooka. Gari hili ni mm 2,743, na kushoto na kulia lazima zikubaliane. Hapo ndipo uchome zilizobaki. Ikipoa, pulizia nta ndani ya reli hadi ianze kutoka kwenye matundu ya kutolea maji, kisha uyazibue kwa waya.