Berlin: tumelipishwa kuona jumba lililofungwa na kibanda cha kuigiza!

Wakuu, nina hasira na sitaki kuambiwa nitulie.

Kuna kampuni ya utalii hapa Dar (jina naliweka kapuni kwa sasa, wenyewe wanajijua) imetupeleka Berlin na programu yenye kichwa "Vivutio vya lazima kuona". Hela walichukua yote kabla ya safari. Sikieni tulichopewa.

Cha kwanza kabisa: jumba la makumbusho la Pergamon, na picha kubwa ya Lango la Ishtar la Babeli, yale matofali ya buluu yenye mafahali na majoka. Tumefika, tunakuta uzio na winchi. Jumba limefungwa lote tangu Oktoba 2023! Upande wenye madhabahu ya Pergamon unatarajiwa kufunguliwa 2027, na upande wa kusini, lilipo hilo lango, ni mpaka 2037. Ni siri hii? Kiongozi wa msafara bila hata haya anasema, "Pigeni picha kwa nje." Picha ya nini, ya mabati? Na hapo hapo jirani Neues Museum iko wazi, ndani ipo sanamu ya Nefertiti, yule malkia wa Misri ya kale. Hatukuingia kwa sababu "haipo kwenye programu".

Tukapelekwa Checkpoint Charlie, kituo cha ukaguzi cha mpakani enzi za Ukuta wa Berlin. Kibanda cha awali kiliondolewa 1990, hicho mnachopangia foleni ya picha ni cha kuigiza. Pembeni maduka yanauza vipande vya zege vilivyopakwa rangi, eti vya Ukuta. Anayetaka kuona Ukuta aende Bernauer Straße. Mimi nilitoroka wenzangu wakiwa "muda wa manunuzi", nikapanda tramu. Pale wameacha kipande chenye mnara wa walinzi na ule ukanda wa kifo katikati, yaani eneo wazi lililolindwa ili watu wasitoroke, na ukipanda jukwaa la ng'ambo ya barabara unauona wote kwa juu. Kulikuwa na kanisa humo ndani ya ukanda, serikali ya Ujerumani Mashariki ikalilipua 1985. Sikulipa hata senti kuingia.

Kuhusu kuba la kioo la Reichstag, jengo la Bunge la Ujerumani, ndiyo nilitaka kupigana. Kupanda ni bure. Unajiandikisha mapema kwenye tovuti ya Bunge lao, jina na tarehe ya kuzaliwa, siku yenyewe unakwenda na pasipoti, basi. Hawa wametutoza "ada ya kibali". Na tulipofika getini majina yetu hayapo!

Basi la watalii nalo tumelilipia, wakati basi namba 100 la kawaida linatoka kituo cha Zoo hadi Alexanderplatz na kupita Reichstag na karibu na hayo majumba ya makumbusho kwa tiketi ya mjini. (Ila kama tiketi ni ya karatasi igonge muhuri, wakaguzi wa kule hawabembelezwi, faini ni euro 60.)

Sasa linaloniuma kuliko yote. Kampuni ya Kitanzania, abiria Watanzania, na programu nzima haina mjusi wa Tendaguru, yule dinosaria wa kwetu Lindi! Yule yule anayeulizwa bungeni kila kukicha. Kasimama kwenye ukumbi wa Museum für Naturkunde, makumbusho yao ya viumbe na maumbile, kimo zaidi ya mita 13. Mifupa yake ilichimbwa kati ya 1909 na 1913, ikabebwa na wapagazi kwa miguu mpaka bandarini Lindi. Aliyewasimamia wachimbaji ni Boheti bin Amrani, mtu wa huku huku kwetu. Nilipomuuliza kiongozi, akanijibu, "Hiyo ni ya watoto wa shule."

Na Neukölln, hapo hapo Berlin, kuna Lucy-Lameck-Straße, kwa heshima ya mama yetu Lucy Lameck, mwanasiasa wa Tanzania. Mpaka 2021 mtaa huo ulikuwa na jina la Wissmann, Mjerumani huyo huyo aliyeizima vita ya Abushiri. Ni kibao cha mtaa tu, hakina kiingilio wala foleni, dereva angesimama dakika mbili tukapiga picha.

Nimewaandikia kudai hela yangu. Jibu: "ratiba inaweza kubadilika kutokana na hali". Jumba limefungwa 2023, hali gani hiyo iliyobadilika mwaka huu?

Mwenye uzoefu wa kurudishiwa hela na kampuni za namna hii aniambie alianzia wapi: Tume ya Ushindani, polisi au mahakamani moja kwa moja? Risiti zote ninazo, na ile programu yao yenye mhuri ninayo.