Meno ya M10 yalitoka safi, ya M12 yananikataa, nakosea wapi?

mwanagenzi_chuma
Wakuu habari zenu. Nina wiki tatu tu kwenye lethi (mashine ya kukereza chuma), kukereza na kusawazisha uso naweza, sasa nimeingia kwenye kukata meno ya nje. Nilianza na M10 (kipenyo mm 10) ya pichi 1.5 (mm kutoka jino hadi jino) ikatoka poa kabisa, nati ikaingia kwa vidole, nikajiona fundi. Jana nikahamia M12 ya 1.75, nikabadilisha gia kwa kufuata jedwali la kwenye mashine, nikakwaruza pasi ya kwanza kidogo tu nikapima na geji ya meno, 1.75 bila shaka. Shida inaanza pasi ya pili, nafungua hafunati (nati ya vipande viwili inayoshika lidiskruu, ile skrubu ndefu inayosukuma keriji) narudisha keriji (sehemu inayobeba kisu) kwa mkono nafunga tena, kisu hakiingii kwenye njia yake kinachonga nyingine pembeni. Kuna mara moja kiliingia vizuri sijui kwa nini. Vipande vinne nimeshaharibu. Ni gia au kisu kinacheza?

kaza_nati
Angalia kisu mkuu, kama umekitoa nje sana kinapinda. Na kiwe usawa wa senta.

mzee_wa_chipsi
Kisu hakihusiki hapo. Mdogo wangu, lidiskruu yako ina pichi ngapi? Pima meno kumi ugawe.

mwanagenzi_chuma
Nimepima, mm 60 kwa meno kumi, kwa hiyo 6.

mzee_wa_chipsi
Basi ndo hapo. 1.5 inaingia kwenye 6 mara nne kamili, kwa hiyo hata ukifunga hafunati popote kisu lazima kikute njia, M10 ilikubeba hukujua. 1.75 haigawi 6, mpaka lidiskruu izunguke mara 7 ndo zinakutana tena kwenye mm 42, maana yake ukifunga ovyo una bahati moja kati ya saba, na ile mara moja ilikuwa hiyo.

Dawa rahisi: ukishafunga hafunati usiifungue tena mpaka meno yaishe. Ukifika mwisho toa kisu nje kwanza, simamisha, weka rivasi keriji irudi na mota, ipite mwanzo wa kazi kidogo ndo usimame, ule mchezo (ulegevu) wa gia uishe kabla kisu hakijagusa. Usirudishe kisu kikiwa ndani ya meno, utavilaani vyuma bure. Na kama chaki yako (kile kinachobana kazi) ni ya kufungwa kwa meno kwenye spindo (mhimili unaoizungusha) usipige rivasi ghafla, inaweza kufunguka ikaja kwako. Spidi ya chini kabisa, na chonga mfereji mwishoni kisu kipate pa kupumulia.

kaza_nati
Sawa mzee nimekoma 😂

mwanagenzi_chuma
Mzee ubarikiwe, imekubali! Njia ni moja mwanzo mwisho. Ila nati inaingia mizunguko miwili inagoma, na nimeshashuka kina cha mm 1.07 kama hesabu inavyosema, 0.613 mara pichi.

fundi_wa_usiku
Kabla ya kukata kipande kilikuwa na kipenyo gani? Ukianza na 12 kamili ncha za meno zinavimba kidogo chuma kikisukumwa, mi huwa nashusha mpaka 11.85 hivi ndo naanza. Halafu hiyo 1.07 unahesabu kuanzia pale kisu kinapogusa tu, na kama unasukuma kwa kompaundi (slaidi ndogo ya juu inayoshika kisu) iliyolazwa nyuzi 29 na nusu basi namba ya kwenye piga (duara la vipimo kwenye mkono wake) inakuwa kubwa zaidi, kama 1.23, watu wengi wanaishia njiani hapo. Pitisha faili laini juu ya meno utoe makapi, rudia pasi mbili bila kuongeza kina, weka mafuta, ndo ujaribu nati. Ikigoma bado ongeza 0.05 tu, ujaribu tena.

mwanagenzi_chuma
Duh, kompaundi nimeilaza kweli na nilikuwa nasoma piga yake. Kipande bado kiko kwenye chaki sijakitoa, narudi kuongeza.

mzee_wa_chipsi
Usikitoe!