Wakuu, nitaanzia wapi kufuatilia ukoo: mguu mmoja Ujiji, mguu mwingine Ndala?

Kitukuu_wa_Isevya:
Habarini wakuu. Mimi ni mzaliwa wa Tabora mjini, Isevya. Tumekubaliana kwenye kikao cha ukoo kwamba tuandike historia yetu, maana kila msiba ukiisha wanaojua nani ni nani wanazidi kupungua.

Upande wa bibi mzaa baba ni Wanyamwezi wa Ndala, Wakatoliki wa tangu enzi za Mapadri Weupe. Bibi mwenyewe alisilimu alipoolewa na babu. Upande wa babu ni Manyema wa Ujiji. Baba yake babu ndiye aliyehamia Tabora. Tunaambiwa alifanya kazi ya reli ya Mjerumani. Jina lake silitaji hapa, ila ni la jamii ya akina Feruzi na Mabruki, majina waliyokuwa wakipewa watumwa, mtanielewa. Juu yake hakuna jina hata moja. Ukimuuliza shangazi "baba yake alikuwa nani", anaanza kukuuliza wewe mihogo siku hizi bei gani.

Naomba kujua: maandishi gani yapo ya watu wa kawaida, siyo watemi? Na shangazi nimbane au nimwache? Ana miaka themanini na kitu. Nawasilisha.

Bi_Mkubwa_Cheyo:
Mwanangu, usimbane. Swali la "baba yake nani" ndilo linalomfunga mdomo, kwa sababu anaona unakoelekea. Zunguka. Muulize nani alimlea huyo mzee, alifikia nyumba ya nani alipokuja Tabora, msiba wake uliwekwa wapi, na katika wajukuu nani alipewa jina la nani.

Halafu sikiliza sana habari za mirathi. Katika sheria ya Kiislamu, aliyemwacha mtumwa huru anaweza kumrithi kama marehemu hakuacha asaba, yaani warithi wa damu wa upande wa kiume. Ukisikia "ile nyumba ya Ujiji ilichukuliwa na bwana fulani" na bwana fulani si ndugu wa damu, usimkatize, mwache aendelee. Weka simu irekodi lakini mwombe ruhusa kwanza. Wazee wakigundua umewarekodi kwa kificho umekwisha.

Kidume_Gongoni:
Yote haya ya nini? Waliokaa kimya walikuwa na sababu. Utakuta mtu anakusimanga nayo siku ya posa.

Kitukuu_wa_Isevya:
Posa ilishapita mkuu, mke ninaye na watoto ninao. Ila nakuelewa. Hata kikaoni kuna baba mdogo alisema maneno hayo hayo.

Mwalo_wa_Kibirizi:
Mimi wa Ujiji. Nikuweke sawa kwanza: Manyema ni mwavuli. Chini yake kuna Wagoma, Wabwari, Wakusu, Wabangubangu, Waholoholo na wengine, wengi asili yao ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, Kongo. Ukija Ujiji ukasema "natafuta Manyema fulani" watakucheka, mji mzima ni Manyema. Tafuta kwanza alikuwa wa upande gani, ndipo utapelekwa kwa mzee wa upande huo.

Na usiingie na jibu mfukoni. Si kila aliyevuka ziwa alivuka na kamba shingoni. Wapo waliokuja kama wapagazi, wapiga makasia, walinzi wa misafara, wengine walikimbia vita. Jina peke yake si ushahidi. Majina hayo walipewa watumwa, ndiyo, lakini watoto na wajukuu waliozaliwa huru waliyarithi vilevile.

Kuhusu umri wake, tumia matukio. Reli ilifika Tabora 1912 na Kigoma 1914. Kama kweli alijenga reli, alikuwa na nguvu zake kabla ya hapo. Muulize shangazi kama mzee alikuwa ameoa Wabelgiji walipoingia Tabora, Septemba 1916. Wazee wa zamani hawakushika mwaka, walishika vita, njaa na nani alikuwa anatawala.

Karani_Mstaafu:
Nimefanya kazi ya masijala muda mrefu, naomba nikae kidogo kwenye swali lako la maandishi. Usianze kwa kutafuta karatasi. Jiulize nani alikuwa na haja ya kumwandika mtu kama babu yenu mkubwa. Serikali ya kikoloni haikuandika watu kwa mapenzi. Iliandika anayedaiwa kodi, anayeshtakiwa, anayeajiriwa.

Utumwa chini ya Wajerumani haukufutwa kwa mkupuo. Tangazo la 1904 lilisema mtoto wa mtumwa atakayezaliwa baada ya tarehe 31 Desemba 1905 ni huru. Wakubwa wakabaki hivyo hivyo, ila mtu aliweza kujikomboa au kukombolewa, na boma, yaani ofisi ya serikali ya Mjerumani, likampa hati ya uhuru. Kufutwa kabisa kisheria kulikuja kwa Mwingereza, 1922. Kwa hiyo kama mzee wenu alizaliwa kabla ya 1906 na alikuwa katika hali hiyo, huenda kuna hati. Kagueni masanduku ya nyumbani kabla ya kusafiri kokote! Familia nyingine zinakaa na karatasi ya Kijerumani chini ya godoro bila kujua ni nini.

Mafaili ya Mjerumani yaliyobaki nchini yako Nyaraka za Taifa, Dar es Salaam. Uliza utaratibu wa ruhusa kabla ya kupanda treni. Jiandae pia kwa mwandiko: Kijerumani cha mkono cha wakati ule hata Mjerumani wa leo kinamshinda. Na tahajia si yetu. Ujiji utaikuta "Udjidji", Mfaransa ataandika "Oudjidji". Kigoma ilikuwa mikononi mwa Wabelgiji mpaka 1921, kwa hiyo usishangae kukuta pengo la miaka hiyo Dar, karatasi zao walikwenda nazo Ubelgiji.

Vitabu vya Wilaya vya Mwingereza, yale madaftari ya kumbukumbu ya wakuu wa wilaya, watu wanavisifu mno. Ni vizuri kwa nasaba za watemi na mila, lakini mfanyakazi wa reli humo humpati. Ningekuwa wewe ningetafuta kesi za mahakama ya liwali, yule kiongozi wa mji aliyewekwa na serikali. Watu walishtakiana kwa mahari, nyumba, mashamba na madeni, na ukishtaki lazima useme wewe ni nani. RITA, wakala wa serikali wa kusajili vizazi na vifo, usiwategemee kwa kizazi hicho. Kwa Mwafrika kusajili uzazi haikuwa lazima kwa miaka mingi.

Techi255:
Pima DNA tu mkuu, mambo ya makaratasi ya kizamani.

Karani_Mstaafu:
Itamwambia ana asili ya Afrika ya Kati na Mashariki. Hilo hata mimi nimeshamwambia bure.

Kitukuu_wa_Isevya:
😂 Asanteni sana. Bi Mkubwa, leo jioni nilijaribu swali la nani alimlea. Shangazi amenyamaza kidogo, kisha akataja mwanamke mmoja wa Kitongoni, kule Ujiji, "aliyemlea kama mama". Hakuendelea na mimi sikusukuma. Na upande wa Ndala je? Niliwahi kwenda parokia moja (siyo hiyo) nikaambiwa daftari la zamani halitolewi.

Nzega_Kwetu:
Hapo ndipo una bahati, Ndala ina wamisionari tangu miaka ya 1890. Usiombe kushika daftari, omba katibu wa parokia akutafutie jina. Nenda na jina la ubatizo, jina la nyumbani na mwaka wa kukadiria, pamoja na barua ya familia. Madaftari ya zamani ni ya Kilatini lakini hayatishi: jina, wazazi, msimamizi, padri, tarehe.

Angalia pembeni ya mstari. Mtu akifunga ndoa ya kanisa hata parokia nyingine, taarifa hurudishwa alikobatizwa ikaandikwa pembeni. Bibi yako hatakuwa nayo kwa kuwa alisilimu, ila kaka na dada zake watakuwa nayo, na itakuonyesha ukoo ulitawanyikia wapi. Kisha omba daftari la ndoa la wazazi wake bibi. Walikuwa kizazi cha kwanza kubatizwa, kwa hiyo wazazi wao wapagani nao wametajwa pale, kwa majina ya Kinyamwezi matupu. Hao sasa unawapeleka kwa wazee wa Ndala ukiwa na jina mkononi.