Wanaharakati wa haki za mashoga wanakuja chuoni: tupeane uzoefu

Mwanzisha mada

Bwana asifiwe wapendwa. Jambo hili limenikaa rohoni wiki ya pili sasa. Kikundi cha wanaharakati wa haki za mashoga kinakuja chuoni kwetu, watafanya mkutano wa wazi ukumbini, na uongozi wa chuo umeshakubali. Sisi viongozi wa ushirika wa wanafunzi Wakristo tumekaa vikao viwili na vyote vimevunjika. Wapo wanaotaka tusimame mlangoni na mabango. Wapo wanaotaka siku hiyo tujifungie tufunge na kuomba, tusionekane kabisa. Mimi nataka tuingie, tukae, tusikilize, tuulize na tujibu. Ila sijawahi kufanya hivyo, na nikiulizwa itakuwaje sina jibu.

Naomba tusiligeuze hili kuwa mjadala wa Biblia inasemaje kuhusu tendo lenyewe. Kanisa langu limenifundisha na nimelishika. Ninachouliza ni kuhusu watu. Hao wakifika mlangoni, mimi nawafanyia nini? Kama umewahi kupitia, simulia ulichofanya wewe mwenyewe na kilichofuata. Uliyekosea ndiye ninayekuhitaji zaidi.

Sauti ya Pili

Basi naanza mimi niliyekosea. Nilikuwa kwenye kwaya. Tulikubaliana kuingia ukumbini tukiwa wengi, tukae safu za nyuma, na kila msemaji wao akishika kipaza sauti tuanzishe pambio mpaka akae. Tuliona ni busara, maana kuimba si kutukana.

Msemaji wa kwanza alisimama, tukaimba, akakaa. Wa pili vivyo hivyo. Wa tatu alikuwa dada mmoja mwembamba. Tulipoanza, aliweka kipaza sauti mezani akaanza kuimba nasi. Aliimba sauti ya pili, sauti yangu mimi, na aliijua vizuri kuliko mimi. Tulipofika ubeti wa tatu, ambao wengi wetu tulikuwa tunaubabaisha, yeye aliendelea na maneno yote. Sauti zetu zikaanza kupungua mmoja mmoja, mwisho alibaki anaimba peke yake, macho yamefumba. Alipomaliza hakusema chochote, akarudi kukaa.

Tulitoka kwa mlango wa nyuma. Njiani hakuna aliyesema na mwenzake. Nilikuwa nimetumia sifa za Mungu kama ngao ya kumzuia mtu asiseme jina lake. Nimeshatubu, lakini yule dada sikumpata nimwombe msamaha.

Msimamo

Nawasikia, lakini mnaniogopesha. Hawa si wageni kama tunavyozoea kusema mgeni. Wanakuja na ajenda, tena wanaijua kazi yao. Waraka wa pili wa Yohana mstari wa 10 uko wazi: "Mtu akija kwenu, naye haleti mafundisho hayo, msimkaribishe nyumbani mwenu, wala msimpe salamu." Kuna wanafunzi wa mwaka wa kwanza hawajasimama vizuri katika imani. Ukimweka mtu fasaha mbele yao saa mbili, nani atamjibu Mungu kwa ajili ya wale watakaoyumba? Upendo bila ulinzi ni uzembe.

Mlezi

Ndugu Msimamo, hofu yako kwa ajili ya wadogo ni ya kichungaji, sitaidharau. Nimelea ushirika wa wanafunzi miaka mingi na nimeiona. Lakini soma Yohana kuanzia mstari wa 7. Anawasema wadanganyifu wasiokiri kwamba Yesu Kristo amekuja katika mwili. Na kanisa la wakati ule lilikutana nyumbani kwa watu, hivyo kumkaribisha mwalimu wa namna hiyo kulikuwa sawa na kumpa mimbari. Ukumbi wa chuo si mimbari yenu. Ninyi wenyewe mmekaribishwa humo.

Sasa Paulo, katika 1 Wakorintho 5, anatoa amri kali ya kutokula na mtu fulani, lakini anaeleza kuwa huyo ni mtu aitwaye ndugu. Kwa wengine anasema: "Kwa maana yanihusu nini kuwahukumu wale walio nje?" Na hapa ndipo mambo yanapokuwa magumu, nawaambia kwa uzoefu. Wengi wa wanaharakati wanaokwenda vyuo vya Kikristo hawatasema wako nje. Watakwambia wamebatizwa, wamelelewa shule ya Jumapili, wanampenda Yesu. Mwaka wa kwanza nilipokutana na hilo nilishindwa hata kuanza sentensi. Nilikuwa nimejiandaa kumpokea mpagani, akaja mtoto wa mchungaji.

Kuhusu wale wa mwaka wa kwanza: tulikaa nao kabla na baada. Kabla, tulisoma nao. Baada, tuliwaacha waulize lolote bila kumshtua mtu. Walioyumba zaidi, kwa nilivyoona, ni wale waliowahi kuambiwa kwamba hao watu ni mashetani, kisha wakakutana na kijana mpole mwenye adabu. Waliona tumewadanganya, wakaanza kujiuliza tumewadanganya na nini kingine.

Msomaji wa Historia

Hili halikuanza kwetu. Mwaka 2006 huko Marekani, vijana wa shirika liitwalo Soulforce walipanda basi wakazunguka vyuo 19, vya Kikristo na vya kijeshi, ambavyo sera zao hazikuwapokea mashoga waziwazi. Safari hiyo waliiita Equality Ride, na mfano wao ulikuwa zile safari za mabasi za mwaka 1961 za kupinga ubaguzi wa rangi. Walijifunza kutopiga wala kutukana hata wakichokozwa.

Ninachotaka mkione ni tofauti ya vyuo. Kituo cha kwanza kilikuwa Liberty University, Lynchburg, chuo cha mhubiri Jerry Falwell. Walikatazwa kuingia, waliovuka mpaka wa uwanja wakakamatwa na polisi. Wheaton College, ambacho nacho ni chuo cha kiinjili na hakikubadili imani yake, kiliwaruhusu kuingia na kuzungumza na wanafunzi.

Na kuna jambo lililotangulia hayo. Mwanzilishi mwenza wa Soulforce, Mel White, ndiye aliyekuwa akimwandikia Falwell vitabu kabla yeye White hajajitangaza kuwa shoga. Walifahamiana kabisa. Mwaka 1999 White alikwenda Lynchburg na watu wake wapatao 200, Falwell akawapokea na watu wake, wakakaa pamoja wakaongea juu ya maneno makali ambayo kila upande ulikuwa unayarusha. Hakuna aliyebadili msimamo. Lakini mhubiri mkali kuliko wote aliweza kukaa chumba kimoja nao, sasa sisi wanafunzi tunaogopa viti?

Niliyeshika Ratiba

Nilikuwa mwenyekiti wa ushirika mwaka tulipotembelewa, na nilipewa kuongoza mkutano kwa upande wetu. Naeleza kwa urefu maana mambo madogo ndiyo yaliyotuokoa.

Wiki moja kabla nilimpigia simu kiongozi wao. Nilikuwa natetemeka. Nikamwambia: sisi tunaamini tofauti na ninyi na tutasema hivyo, lakini nataka mje na mrudi salama, niambie mnahitaji nini. Akakaa kimya kidogo, akasema mahali pengine hakuna aliyewahi kumuuliza. Alitaka vitu viwili: wasipigwe picha bila ruhusa, na wajue mapema nani atakayeongoza. Tukakubaliana muda sawa kwa pande zote na maswali yaandikwe kwenye karatasi.

Tuliwaweka watu wetu mlangoni, wawili wa kike na wawili wa kiume, kazi yao kusalimia na kuonyesha mahali pa kukaa. Niliwachagua wenye uso wa furaha kwa asili, si wa kulazimisha. Maji mezani kwa wote. Viti tukavipanga kwa duara, si sisi huku na wao kule. Katibu wangu alipinga duara, akasema tutaonekana kama tumekubaliana. Nilimwambia aje akae karibu nami, nikianguka ataniinua.

Karatasi ya kwanza niliyoifungua ilikuwa tusi. Sikuisoma. Ya pili tusi. Nikatangaza kwamba nitasoma maandishi yenye alama ya kuuliza tu, na nikaziweka nyingine mfukoni. Baadaye niligundua mwandiko wa mmoja ulikuwa wa mwombaji wetu hodari. Nilimfuata chumbani tukaongea, hatukuongea vizuri.

Swali lililobadili hewa ya ukumbi liliandikwa na binti mmoja: "Kanisa lilikuumiza lini mara ya kwanza?" Kijana aliyejibu alisimulia jinsi alivyotolewa nyumbani akiwa na miaka 17, begi likawekwa nje ya mlango na baba aliyekuwa mzee wa kanisa. Hakulia. Alisimulia kama mtu anayetaja nauli.

Kisha akanigeukia mimi. Akauliza, mbele ya watu wote: "Wewe unaniona mimi ni nani?" Nilikuwa nimeandaa mistari sita. Nikasema naamini Mungu aliweka ndoa kati ya mume na mke, na siwezi kukuficha hilo kwa sababu ya adabu. Nikasema pia, wewe ni mtu aliyeumbwa kwa mfano wa Mungu, na lile begi lililowekwa nje ni dhambi, si yako. Akasema, "Hatukubaliani. Lakini umenijibu ukiniangalia usoni."

Mtume Petro anasema tuwe tayari kumjibu kila mtu atuulizaye habari za tumaini letu, "lakini kwa upole na kwa hofu". Nilizoea kuukariri mstari huo na kuishia kwenye kujibu.

Niliyekuwa Upande wa Pili

Sijui kama nitaruhusiwa kuandika hapa. Mimi ni mmoja wa wanaokuja. Nimeingia vyuo kadhaa vya namna hiyo.

Niwaambie kinachobaki kichwani tukishaondoka. Hoja za Biblia tumezisikia zote, hazituumizi tena. Kinachouma ni kuombewa kwa nguvu. Mahali fulani watu kama wanane walinizunguka kwenye korido wakaniwekea mikono kichwani na mabegani wakikemea, na sikuweza kutoka. Mimi huomba kila siku. Mngeniuliza "tukuombee?" ningesema ndiyo, na ningewaambia niombeeni mama yangu ana presha.

Na kinachotibu: kijana mmoja alibishana nami tangu mkutano ulipokwisha mpaka giza likaingia. Hakuniachia hata hoja moja. Kisha nje kukawa na kikundi kinasubiri, kinarusha maneno na chupa. Yule kijana akasema, "Twende wote." Akatembea upande ule zinakotokea chupa mpaka kwenye gari letu. Bado anaamini ninakosea. Hunitumia salamu kila Krismasi.

Msimamo

Hilo la chupa na la kuzungukwa si sawa, na nasema mimi niliyepinga. Mtu akirushiwa chupa pale kwetu nitakuwa wa kwanza kusimama katikati. Kuhusu mkutano bado nina mashaka.

Bila Jina

Nimesoma mada hii mara tatu kabla ya kuandika.

Nilikuwa msaidizi wa kiongozi wa maombi. Nilivutiwa na wanaume tangu nikiwa mdogo, na hakuna aliyejua. Usiku wa kuamkia siku ya wageni tulikesha kuwaombea. Yalisemwa mengi usiku ule. Mmoja alisema Mungu awafagie. Mwingine aliigiza mwendo wao, watu wakacheka katikati ya maombi, na mimi nikacheka, kwa sababu asiyecheka angeonekana. Aliyeigiza ni rafiki niliyekuwa nakaa naye chumba kimoja bwenini. Wiki hiyohiyo nilikuwa nimepanga kumwambia. Nilikuwa hata nimechagua siku, Ijumaa jioni, yeye huwa hana kipindi.

Wageni wenyewe walikuja wakaondoka. Nilikaa nyuma kabisa na sikumbuki vizuri walichosema. Nakumbuka kila neno la mkesha.

Kulikuwa na dada mmoja mhudumu, asiye na cheo chochote. Watu walipocheka alisimama akasema, "Tuseme kana kwamba wapo humu ndani." Kisha akakaa. Walimwona ameharibu upako. Miaka minne baadaye, nilipofika mahali ambapo sikutaka kuendelea kuishi, nilimtafuta yeye. Alikuja na mumewe, wakakaa nami mpaka asubuhi. Bado niko kanisani. Bado naimba. Wanaojua ni watatu, na sasa ninyi.

Kwa hiyo mwanzisha mada, mimi sina ushauri juu ya siku ya wageni. Naomba uuangalie mkesha.

Mwanzisha mada

Bila Jina, nimesoma nikasimama, nikatoka nje kidogo. Asante. Sijui niandike nini zaidi. Nimefunga na kuomba nawe leo bila kukujua, na kama uko karibu na watu wako watatu, kaa karibu nao.

Tumekaa kikao cha tatu jana. Tutaingia ukumbini. Mkesha upo, lakini nitauongoza mimi, na tutaanza kwa kusoma ule mkutano wa Yesu na mwanamke Msamaria kisimani, sura nzima. Ndugu mmoja amejitolea kukaa na wa mwaka wa kwanza siku inayofuata. Msimamo, ningefurahi ungekuwa kwetu, tungekuweka mlangoni.

Nimempigia simu kiongozi wao. Ni dada. Amesema hawahitaji kitu ila maji na mtu wa kuwaelekeza njia ya kutokea. Mwalimu wa kwaya ameuliza kama kwaya iimbe. Nimemwambia tuwaulize wageni kwanza wanaujua wimbo gani.